UZI: "Pesa ya msaada" ya taa za trafiki inatoka wapi, na nani hulipa baadaye?

1/ Ahadi ya aina hii haikosi kwenye siasa za miji yetu ya Mlima Kenya: tutaleta taa za kisasa za trafiki, pesa ni ya wafadhili, mwananchi hatoi hata shilingi. Watu wanapiga makofi. Kabla hujapiga ya kwako, tupitie historia kidogo. Simtaji mtu wala chama.

2/ Tuanzie mbali. Taa ya kwanza ya trafiki duniani iliwekwa London mwezi Desemba 1868, nje ya Bunge la Uingereza. Ilitumia gesi, na askari aliigeuza kwa mkono. Januari 1869 ikalipuka na kumjeruhi askari huyo. Ikang'olewa. Kuzindua kunachukua siku moja tu, kutunza ni kila siku.

3/ Sasa rudi nyumbani. Nyeri ilianza 1902 kama kituo cha wakoloni karibu na kilima cha Nyeri. Wakati huo hakuna aliyewaza matatu za Othaya, Karatina, Mweiga na Nairobi zikikutana na boda, mikokoteni na watoto wa shule kwenye makutano yaleyale. Mji umekua, barabara za katikati hazijakua nao.

4/ Zamani mji ulikuwa na baraza la manispaa. Kwa sheria ya 1998, mabaraza yalianza kupewa asilimia 5 ya kodi ya mapato ya nchi, ile pesa ya LATF. Ilikuwa kodi yetu wenyewe ikirudi nyumbani, na kila mtu alijua hivyo. Hakuna aliyeiita zawadi.

5/ Machi 2013 kaunti zikaanza kazi na mabaraza yakafa. Soma Jedwali la Nne la Katiba ya 2010: kaunti imepewa barabara za kaunti, taa za mitaani, trafiki na maegesho. Lakini serikali ya kitaifa nayo imepewa usafiri wa barabarani na barabara kuu. Umeona mahali ugomvi unazaliwa?

6/ Ongeza Sheria ya Barabara ya 2007, iliyounda KeNHA, KURA na KeRRA. Kwa hivyo makutano mamoja yanaweza kuwa na barabara ya mamlaka ya kitaifa, maegesho ya kaunti, na askari wa trafiki ambaye bosi wake yuko Nairobi. Taa ikizimika, kila mmoja anamnyoshea mwenzake kidole. Wewe umesimama hapo na mzigo wa viazi.

7/ Ndipo ikaja KUSP. Mwaka 2017 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 300 kwa mpango wa kusaidia miji ya Kenya. Miji 59 ikaingia, Nairobi na Mombasa zikaachwa nje. Nyeri, Embu, Meru, Murang'a na Kerugoya zimo. Masharti: hati ya manispaa, bodi, meneja wa mji, na mpango wa maendeleo.

8/ Pesa hiyo ni ya barabara za mjini, njia za waenda kwa miguu, taa za mitaani, mitaro, taka, masoko, steji na zimamoto. Nyeri walijenga steji kubwa pale Asian Quarters, iliyopewa jina la Field Marshal Muthoni wa Kirima. Kwa hivyo usidanganywe kwamba pesa hizi hazifanyi kazi. Zinafanya.

9/ Lakini shika hapa vizuri. Ile dola milioni 300 ni MKOPO kwa serikali ya kitaifa. Ikifika kaunti inabadilishwa jina, inaitwa ruzuku yenye masharti. Kwa kaunti ni msaada, kwa nchi ni deni. Na anayelipa deni la nchi ni wewe, unaponunua mafuta, sukari na bando.

10/ Wanaounga mkono wana hoja: masharti yamelazimisha miji kuwa na bodi na mipango, na mkopo wa aina hii una riba nafuu. Wanaopinga nao wana hoja: mji unajenga kile kilicho kwenye orodha ya mfadhili, si kile wananchi walichoomba kwanza. Pande zote mbili zina ukweli. Asiyekuambia zote mbili anakuuzia kitu.

11/ Na usisahau Nairobi. Taa zipo, zinawaka kijani, na askari bado anasimamisha magari kwa mkono. Taa bila makubaliano na polisi ni mapambo ya barabarani. Tena taa ina bili ya umeme, vipuri, na fundi anayejua programu yake. Ruzuku hujenga, ni nadra ikalipa bili ya mwaka wa tano.

12/ Kwa hivyo mgombea akija Kiganjo au Ruring'u na ahadi ya taa za msaada, muulize haya manne:
– Ni ruzuku kweli, au ni mkopo uliobadilishwa jina?
– Hayo makutano ni ya kaunti au ya KURA na KeNHA?
– Polisi wamekubali kuziachia taa kazi?
– Bajeti ya matengenezo iko kwenye ukurasa gani?

13/ Akijibu yote manne, mpigie makofi na umpe kura ukitaka. Akisema tu "hiyo pesa ni ya bure", kumbuka wahenga: cha bure ni ghali. Sambaza uzi huu kwa yule jamaa wa grupu ya WhatsApp anayebishana kila asubuhi.