Sala Sita za Anni Albers

Katika mwaka wa 1965 Jumba la Makumbusho la Kiyahudi mjini New York lilimwagiza Bibi Anni Albers afume kazi ya kuwakumbuka Wayahudi milioni 6 waliouawa na Wanazi. Kazi hiyo iliitwa "Sala Sita". Ni vipande sita vyembamba vilivyofumwa kwa mkono, kila kimoja kikipungua kidogo mita 2 kwa kimo, kwa pamba, kitani, nyuzi za maganda ya mimea na uzi wa fedha.

Fedha katika nguo si jambo geni; tangu kale ilifumwa katika majoho ya wakubwa ili cheo kionekane kwa mbali. Hapa haina cheo cha kutangaza. Imelala ndani ya kitambaa, baina ya rangi ya mchanga, nyeusi na nyeupe, ikimemetuka mtazamaji asogeapo na kufifia arudipo. Juu yake hupita mshindio wa ziada, mweusi na mweupe, usiokwenda sawa toka pindo hata pindo: wapinda, wajirudia, wakatika, mithili ya mwandiko. Mtu hujaribu kuusoma, asipate hata herufi moja.

Kwa wachunguzi wa lugha, hapo ndipo penye neno. Kanga ya pwani husema kwa jina lake, lililochapwa wazi juu ya nguo. Albers alifuata njia nyingine. Wafumi wa kale wa Peru hawakuwa na alfabeti, naye aliamini kuwa nguo zao zilibeba maana iliyobebwa kwingine na maandishi. Kitabu chake juu ya ufumaji, cha mwaka wa 1965, aliwatunukia wao, akawaita walimu wake wakuu. Mapema, mwaka wa 1936, alikuwa amekwisha fuma nguo aliyoiita "Maandishi ya Kale".

Alizaliwa Berlin mwaka wa 1899 katika jamaa yenye asili ya Kiyahudi. Mwaka wa 1922 aliingia chuo cha Bauhaus, ambako wanawake walisukumwa kwenye karakana ya kufuma, naye akaingia humo shingo upande. Mwaka wa 1933 Bauhaus ilifungwa kwa kusongwa na Wanazi, naye akahamia Marekani pamoja na mumewe, Josef.

Kwa hiyo msiba aliotakiwa kuufuma haukuwa wa watu wa mbali naye. Hata hivyo hakufuma jina la mtu, wala tarehe, wala sura. Vipande sita vimetundikwa bega kwa bega. Nyuzi zao ni za aina moja, lakini mwandiko wa kimoja hauwi wa mwenziwe.