Nani Alipie Chuo Kikuu?

Kila tunapokutana sisi wa zamani, hoja moja haikosi. Wazee husema, "Sisi tulisoma bure." Vijana huuliza: mbona sisi tunakopeshwa? Tuitazame historia kwanza, ndipo tuamue.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza tarehe 25 Oktoba 1961, majuma sita kabla ya Uhuru wa Tanganyika, kikiwa chini ya Chuo Kikuu cha London. Kilikuwa na Kitivo cha Sheria peke yake, katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba. Mwaka 1964 kikahamia Mlimani, na tarehe 1 Julai 1970 kikasimama chenyewe.

Serikali ndiyo iliyobeba mzigo. Lakini Serikali hailimi. Aliyelipa ni mkulima wa pamba na kahawa na mkata mkonge, ambao wengi wao watoto wao hawakufika hata sekondari. Kwa hiyo neno "bure" si sahihi. Tulisoma kwa jasho la wengine.

Mwalimu Nyerere alililiona jambo hili mapema. Aliwafananisha wasomi na mtu aliyepewa chakula chote cha kijiji chenye njaa, ili apate nguvu za kwenda mbali kuwaletea wenzake chakula. Asiporudi, ni msaliti. Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, pamoja na kukatwa sehemu kubwa ya mshahara katika kipindi hicho. Karibu 400 walirudishwa makwao. Mwalimu naye akapunguza mshahara wake kwa asilimia 20.

Baadaye uchumi uliyumba: bei ya mafuta ilipanda, na Vita vya Kagera vya 1978–79 vikala hazina. Katika miaka ya 1990 ikaja sera ya kuchangia gharama. Wazazi walianza na nauli na ada ndogondogo; kisha mikopo ikaingia. Bodi ya Mikopo iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004, na mwaka 2016 makato ya mwajiriwa anayedaiwa yakapandishwa hadi asilimia 15 ya mshahara.

Je, mwanafunzi alipe? Kumdai ada mlangoni ni kumfungia mtoto wa maskini nje, hilo nalipinga. Bali kudai baada ya kupata kazi ni haki, mradi kila mhitaji akopeshwe kweli, na asiye na kazi asibanwe.

Wapo wasemao kuwa mkopo ni mzigo kwa kijana anayeanza maisha. Ni kweli. Lakini anayekwepa kulipa anamnyima mdogo wake aliye kidato cha sita leo.

Nanyi wenzangu mliosoma bila mkopo, msijisifu kuwa hamdaiwi. Deni letu halikuandikwa popote, ila lipo. Shule hii bado ina watoto wasio na nauli ya kwenda chuoni. Tuanzie hapo.