Taarifa za watengenezaji wa kompyuta: Jinsi ya kuzipata ukiwa Ntimaru

KUNUNUA kompyuta si mwisho wa uhusiano baina ya mteja na kampuni iliyoiunda. Kwa miaka kadhaa baada ya mashine kutoka kiwandani, mtengenezaji huendelea kutoa taarifa kuihusu: marekebisho ya programu, onyo kuhusu betri yenye hitilafu, muda wa waranti na tarehe ambayo huduma zitasitishwa.

Taarifa hizo humhusu kila anayeitumia mashine, lakini aghalabu hutumwa kwa yule aliyeinunua ikiwa mpya. Hilo ndilo tatizo linalomkabili mtumiaji wa Ntimaru, katika eneo la Kuria Mashariki, kaunti ya Migori, ambako kompyuta iliyo katika saiba au ofisi ya shule yaweza kuwa ilianza kazi mezani pa mtu mwingine, katika nchi nyingine.

Ntimaru iko karibu na mpaka wa Kenya na Tanzania, katika eneo la wakulima wa mahindi na tumbaku. Kama kwingineko nchini, wakazi wake sasa huhitaji kompyuta kwa mambo ambayo zamani yalifanywa kwa karatasi. Marejesho ya kodi hupelekwa kwa Mamlaka ya Ushuru ya Kenya, KRA, kwa njia ya mtandao kabla ya tarehe 30 Juni kila mwaka. Maombi ya vyeti na vibali vya serikali hupitia eCitizen. Wanafunzi waliomaliza shule ya upili huchagua kozi za vyuo kupitia mtandao wa KUCCPS.

Kwa hiyo kompyuta moja ya saiba hupitisha nambari za vitambulisho, nywila na nyaraka za watu wengi kwa siku moja. Mashine hiyo ikiingiliwa na wadukuzi kwa sababu mwenyewe hakupata taarifa ya marekebisho, hasara haimpati yeye peke yake.

Safari ya mashine

Kampuni nyingi za Ulaya na Marekani hubadilisha kompyuta zao baada ya miaka michache. Mashine zilizotolewa hununuliwa na wafanyabiashara, hukarabatiwa, kisha huuzwa upya. Zile zinazoingia Kenya kutoka Uingereza zimepata jina sokoni: "ex-UK". Kutoka Nairobi husambazwa hadi miji kama Kisii na Migori, na hatimaye hufika vituo vidogo.

Njia nyingine ni misaada. Shirika la Computer for Schools Kenya, lililoanzishwa mwaka 2002, limekuwa likizikarabati kompyuta zilizotumika na kuzipeleka shuleni.

Katika safari hiyo yote, anwani ya barua pepe iliyoandikishwa kwa mtengenezaji hubaki kuwa ya mmiliki wa kwanza. Mtengenezaji akituma onyo, litafika kwenye ofisi ambayo huenda imekwisha kuisahau mashine hiyo. Lakini kitu kimoja husafiri na mashine popote iendapo, nacho ni nambari yake. Kwa nambari hiyo, mwenye mashine aliye Ntimaru anaweza kuzifuata mwenyewe taarifa ambazo hazikumfuata yeye.

Marekebisho ya programu

Taarifa zinazotolewa mara nyingi zaidi ni za masasisho, yaani marekebisho ya programu yanayoziba mianya iliyogunduliwa baada ya mashine kuuzwa. Microsoft, kampuni inayounda mfumo endeshi wa Windows, hutoa masasisho yake ya usalama Jumanne ya pili ya kila mwezi.

Umuhimu wake ulidhihirika Mei 2017, wakati programu hasidi iliyoitwa WannaCry ilipozivamia kompyuta katika nchi takriban 150, ikafunga faili za watu na kudai malipo ili izifungue. Hospitali nyingi za umma nchini Uingereza zililazimika kuahirisha matibabu. Marekebisho ya kuuziba mwanya huo yalikuwa yametolewa tarehe 14 Machi mwaka huo, karibu miezi miwili kabla ya shambulio. Wengi wa walioathirika hawakuwa wameyaweka.

Gharama ya bando huwafanya baadhi ya watumiaji wazime masasisho kabisa. Njia iliyo bora ni kuiambia Windows kwamba mtandao unaotumika ni wa kulipiwa kwa kipimo, ili ipunguze kinachopakuliwa, kisha masasisho makubwa yapakuliwe mara moja kwa mwezi penye mtandao wa bei nafuu. Nakala za Windows zisizo halali nazo ni hatari, kwani mara nyingi huwa zimezimwa masasisho ili zisitambuliwe.

Ni kweli kwamba sasisho lenyewe laweza kuleta madhara. Tarehe 19 Julai 2024, sasisho lenye kasoro la kampuni ya usalama ya CrowdStrike liliangusha takriban kompyuta milioni 8.5 zenye Windows duniani. Kwa sababu hiyo, nakala ya faili muhimu ihifadhiwe kwenye diski au flashi nyingine kabla ya marekebisho makubwa.

Programu ya msingi

Kuna pia programu ndogo iliyo ndani ya ubao mkuu wa mashine, inayojulikana kama BIOS, ambayo huiamsha kompyuta kabla ya Windows kuanza. Marekebisho yake hutolewa na mtengenezaji wa mashine yenyewe, kama vile Dell, HP au Lenovo.

Hapa tahadhari inahitajika. Umeme ukikatika katikati ya shughuli hiyo, mashine yaweza kushindwa kuwaka tena. Watengenezaji huagiza kwamba kipakatalishi kiwe na betri yenye chaji na wakati huohuo kiwe kimeunganishwa na umeme. Mwenye kompyuta ya mezani, katika eneo ambako umeme hupotea bila taarifa, hana budi kutumia kifaa cha kuhifadhi umeme au kuiacha kazi hiyo mpaka akipate.

Betri zinazorudishwa

Taarifa iliyo nzito kuliko zote ni ile ya kurudisha bidhaa, kwa kuwa inahusu usalama wa mtu. Agosti 2006, Dell iliagiza kurudishwa kwa betri takriban milioni 4.1 za vipakatalishi, zilizokuwa na seli za kampuni ya Sony. Siku chache baadaye, Apple nayo iliagiza kurudishwa kwa betri milioni 1.8. Chembe za chuma zilizokuwa ndani ya seli hizo zingeweza kusababisha hitilafu ya umeme, betri ikapata joto kali na hata kuwaka moto.

Tukio lililo karibu zaidi na soko la mitumba ni la HP. Januari 2018, kampuni hiyo ilitangaza kurudishwa kwa betri za baadhi ya vipakatalishi, vikiwemo ProBook za mifululizo ya 640 na 650, na Machi 2019 ikaipanua orodha hiyo. Betri nyingi kati ya hizo ziko ndani ya mashine na si za kutolewa na mteja. HP iliahidi kuzibadilisha bila malipo na, kwa muda wa kusubiri, ikatoa sasisho la BIOS linaloimaliza betri chaji na kuizuia isichajiwe tena, ili kipakatalishi kitumie umeme wa ukutani pekee.

Aliyenunua kipakatalishi cha aina hiyo mkononi mwa mtu wa pili au wa tatu hakuandikiwa barua. Akiona sehemu ya chini ya mashine imefura, au inapata joto lisilo la kawaida, aizime, aichomoe kwenye umeme na asiichaji tena kabla ya kuikagua nambari yake kwa mtengenezaji. Betri iliyofura isitobolewe wala kutupwa motoni.

Mwisho wa huduma

Kila bidhaa ya kompyuta ina siku ambayo mtengenezaji huacha kuihudumia. Windows XP ilifikia siku hiyo tarehe 8 Aprili 2014, Windows 7 tarehe 14 Januari 2020, na Windows 8.1 tarehe 10 Januari 2023. Apple huihesabu mashine yake kuwa ya zamani miaka mitano baada ya kuacha kuiuza, na ikifika miaka saba kwa kawaida vipuri havipatikani tena kwake.

Windows 10 ilifikia kikomo tarehe 14 Oktoba 2025. Kompyuta zenye mfumo huo hazikuzimika siku hiyo, jambo lililowafanya wengi waamini kwamba hakuna kilichobadilika. Kilichokoma ni marekebisho ya kawaida ya usalama, hivyo kila mwanya unaogunduliwa baadaye hubaki wazi.

Mwenye mashine ya aina hiyo ana njia nne.

Ya kwanza ni kuhamia Windows 11, ambayo ni bila malipo kwa mwenye Windows 10 halali. Kwa kompyuta zenye prosesa za Intel, kwa jumla huhitajika kizazi cha nane au cha baadaye, kumbukumbu ya gigabaiti 4, nafasi ya gigabaiti 64 na kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0. Mashine nyingi zilizoundwa kabla ya mwaka 2017 hazitimizi masharti hayo.

Ya pili ni mpango wa nyongeza ambao Microsoft ilitangaza kwa watumiaji binafsi, uliowekewa kikomo cha tarehe 13 Oktoba 2026. Uliandaliwa kwa malipo ya dola 30 za Marekani, au bila malipo kwa aliyehifadhi mipangilio ya mashine yake kupitia akaunti ya Microsoft.

Ya tatu ni kuweka mfumo endeshi huria kama Ubuntu au Linux Mint, ambayo hutolewa bure na huweza kufanya kazi kwenye mashine kuukuu. Kazi zinazofanywa ndani ya kivinjari, kama vile iTax na eCitizen, haziilazimu mashine kuwa na Windows.

Ya nne ni kuiondoa mashine kwenye mtandao na kuiachia kazi za kupiga chapa na kuchapisha. Hata hivyo, flashi za wateja bado zinaweza kuiletea virusi.

Jinsi ya kuitafuta taarifa

Hatua ya kwanza ni kuisoma nambari ya mashine. Kwenye Dell huitwa Service Tag, nayo ina herufi na tarakimu saba. HP na Lenovo huiita Serial Number. Huandikwa kwenye kibandiko chini ya kipakatalishi au ubavuni mwa kompyuta ya mezani. Kibandiko kikiwa kimefutika, nambari huonekana pia ndani ya BIOS, ambayo kwa kawaida hufunguliwa wakati mashine inapowaka kwa kubonyeza F2 kwenye Dell, F10 kwenye HP na F1 kwenye Lenovo ThinkPad.

Hatua ya pili ni kuiandika nambari hiyo kwenye ukurasa wa huduma wa tovuti ya mtengenezaji. Mteja ataona muda wa waranti uliobaki, masasisho yanayoihusu mashine yake, na maonyo yaliyotolewa. Hahitaji kuwa mnunuzi wa kwanza.

Hatua ya tatu ni kulijua toleo la Windows. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika winver, kisha bonyeza Enter.

Mnunuzi makini hufanya hayo dukani kabla ya kulipa. Muuzaji akiahidi waranti ya miezi kadhaa, hiyo ni ahadi ya duka wala si ya mtengenezaji, na inafaa iandikwe kwenye risiti.

Vifaa vya shule

Hali ni tofauti kidogo kwa vifaa vya mradi wa kidijitali wa shule za msingi, ulioanza kutekelezwa mwaka 2016. Vifaa hivyo vilitolewa na miungano miwili: Chuo Kikuu cha Moi pamoja na JP Sá Couto ya Ureno, na Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta pamoja na Positivo BGH ya Amerika Kusini. Hapo mnunuzi alikuwa serikali, kupitia Mamlaka ya TEHAMA. Mwalimu mwenye kifaa kilichoharibika hana budi kuanzia kwa mamlaka hiyo, akiwa na nambari ya kifaa mkononi.

Taarifa za uongo

Matapeli nao hujifanya watengenezaji. Huonyesha kwenye skrini onyo la kutisha lenye nambari ya simu, au humpigia mtu wakidai kwamba kompyuta yake ina virusi. Microsoft imesema kwamba maonyo yake halisi hayana nambari ya simu, na kwamba haimpigii mteja asiyeomba msaada. Visa kama hivyo vinaweza kuripotiwa kwa kituo cha kitaifa cha KE-CIRT, kilicho chini ya Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya.

Haki ya kujua

Ibara ya 46 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inampa mtumiaji haki ya kupata bidhaa zenye ubora unaofaa, maelezo yanayohitajika ili afaidike nazo kikamilifu, na fidia kwa hasara au madhara yatokanayo na kasoro. Ibara hiyo inawahusu wauzaji binafsi pamoja na mashirika ya umma.

Haki hiyo haikomei kwa aliyenunua kitu kipya. Aliyeuziwa kompyuta iliyotumika anastahili kuambiwa umri wake, hali ya betri yake, na kama mfumo wake endeshi bado unahudumiwa. Asipoambiwa, nambari iliyo chini ya mashine itamwambia. Ni vyema aiandike kwenye daftari siku ya kununua, na aikague kwenye tovuti ya mtengenezaji angalau mara moja kila baada ya miezi michache.