Bawasiri: Tiba zipi za asili husaidia, na ni wakati gani damu huashiria ugonjwa mwingine?

Katika masoko na vituo vya mabasi vya Jinja na Mbale, mashariki mwa Uganda, si ajabu kukuta mizizi, unga wa magome na chupa za mitishamba zikinadiwa kuwa tiba ya bawasiri. Kwa kuwa maradhi haya huwatia wengi aibu, baadhi ya wagonjwa hujitibu kimya kimya kwa muda mrefu kabla ya kumwona mhudumu wa afya.

Hata hivyo, tiba ya asili yenye ushahidi mkubwa zaidi hupatikana upande wa pili wa soko hilo hilo, kwenye meza za maharage, mboga na matunda. Aidha, si kila damu inayotoka wakati wa haja kubwa husababishwa na bawasiri.

Bawasiri ni nini?

Kila binadamu ana vifuko laini vyenye mishipa ya damu ndani ya njia ya haja kubwa, ambavyo husaidia kuzuia kinyesi na hewa visitoke ovyo. Vifuko hivyo vinapovimba, kulegea au kushuka, hali hiyo huitwa bawasiri.

Bawasiri ya ndani kwa kawaida haina maumivu. Dalili yake kuu ni damu nyekundu iliyo juu ya kinyesi au inayodondoka chooni. Madaktari huigawa katika madaraja manne: katika daraja la kwanza uvimbe hubaki ndani, na katika la nne huwa umetokeza nje na haurudi hata ukisukumwa. Bawasiri ya nje huota chini ya ngozi ya mlango wa haja kubwa. Huwasha, na damu ikiganda ndani yake husababisha maumivu makali ya ghafla.

Kwa nini hutokea?

Chanzo kikubwa ni kujikamua kwa nguvu kunakotokana na choo kigumu. Kuharisha kwa muda mrefu, uzito mkubwa wa mwili, kuinua mizigo mizito na kukaa chooni muda mrefu huongeza uwezekano wa kuugua. Wanawake wajawazito huathirika hasa katika miezi ya mwisho, mimba inapokandamiza mishipa ya nyonga.

Mazingira ya kazi nayo yana mchango. Dereva wa lori anayetoka mpaka wa Malaba kupitia Jinja kuelekea Kampala anaweza kukaa saa nyingi, akanywa maji machache na kuahirisha haja hadi afike. Kinyesi kinachocheleweshwa hupoteza maji na kuwa kigumu.

Tiba za asili zinazosaidia

Nyuzinyuzi za chakula ndizo nguzo ya kwanza. Mapitio ya tafiti saba zilizohusisha wagonjwa 378, yaliyochapishwa na mtandao wa Cochrane mwaka 2005, yalionyesha kuwa kuongeza nyuzinyuzi kulipunguza uwezekano wa kutokwa damu kwa takriban nusu.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima apate angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku. Kikombe kimoja cha maharage yaliyochemshwa hutoa zaidi ya gramu 10. Ugali wa ulezi, viazi vitamu vinavyoliwa sana Busoga, malewa, yaani machipukizi ya mianzi yanayopendwa na Wagisu wa Mlima Elgon, pamoja na parachichi, papai na mboga za majani, vyote huongeza kiwango hicho. Posho ya unga mweupe uliokobolewa ina nyuzinyuzi chache. Nyuzinyuzi ziongezwe polepole ili tumbo lisijae gesi, na ziambatane na maji ya kutosha.

Kukalia beseni la maji ya uvuguvugu kwa dakika 10 hadi 15, mara mbili au tatu kwa siku, hupunguza maumivu na mwasho. Barafu iliyofungwa kitambaani hupunguza uvimbe. Mgonjwa anashauriwa kwenda haja mara tu anapoihisi, kutojikamua, na kutokaa chooni akiperuzi simu.

Yapi yaepukwe?

Ute mweupe wa ndani ya jani la mshubiri unaweza kutuliza ngozi, ingawa ushahidi wake ni mdogo. Utomvu wake wa manjano ukinywewa huendesha tumbo kwa nguvu, na wajawazito hawapaswi kuutumia. Kupaka au kuingiza kitunguu saumu, limau au siki katika njia ya haja kubwa huweza kuunguza ngozi laini na kuzidisha kidonda. Dawa ambayo muuzaji hataji viambato vyake haifai kutumiwa.

Damu isiyo ya bawasiri

Maeneo ya Jinja yaliyo kando ya Ziwa Victoria na Mto Nile yana kichocho cha tumbo. Vimelea vyake hupenya ngozi mtu anapovua, kufua au kuogelea, na huweza kuleta maumivu ya tumbo, kuharisha na damu kwenye kinyesi. Bila tiba, huharibu ini. Mkazi wa Mbale aliyewahi kuishi au kuvua kando ya ziwa anaweza pia kuwa navyo. Ugonjwa huu hutibiwa kwa dawa ya prazikwanteli, ambayo Uganda imekuwa ikiigawa kupitia mpango wa kitaifa tangu mwaka 2003. Hakuna beseni la maji wala mizizi itakayochukua nafasi yake.

Saratani ya utumbo mpana nayo huweza kuanza kwa damu, na huwapata pia watu wenye umri wa chini ya miaka 50. Damu nyeusi au iliyochanganyika na kinyesi, kupungua uzito, uchovu wa upungufu wa damu, na mabadiliko ya choo yanayoendelea kwa wiki kadhaa ni dalili zinazohitaji uchunguzi bila kuchelewa.

Wakati wa kwenda hospitali

Anayetokwa na damu kwa mara ya kwanza, au asiyepata nafuu baada ya wiki moja ya kujitunza, anapaswa kupimwa. Damu nyingi, kizunguzungu au maumivu makali ni dharura. Kituo cha afya kinaweza kuanza kwa kupima kinyesi na wingi wa damu, kisha kumpeleka mgonjwa katika hospitali za rufaa za Jinja au Mbale.

Si kila bawasiri huhitaji upasuaji. Ile ya ndani inaweza kufungwa kwa kipete kidogo cha mpira ili ikauke na kudondoka yenyewe. Uchunguzi wenyewe huchukua dakika chache, na ndio unaomwezesha mgonjwa kujua kama kubadili chakula kunamtosha au anahitaji tiba nyingine.