MiG za Vita vya Kagera katika Skeli ya 1:72

Mwanzoni mwa Novemba 1978, majeshi ya Idi Amin wa Uganda yakiwa yameshaliteka eneo la kaskazini ya Mto Kagera, ndege tatu za kivita za Tanzania zilitunguliwa karibu na Musoma. Waliozitungua walikuwa Watanzania. Siku hizo Bukoba ilikuwa imeshaonja mabomu ya Uganda, na kila mngurumo wa jeti ulichukuliwa kuwa wa adui. Lakini jambo hilo lina upande wa pili ambao wanahistoria wa vita hupita juu yake haraka, na wanaounda ndege ndogo za plastiki hukwama hapo hapo: Uganda ilikuwa na MiG-21 za Kisovieti, Tanzania nayo ilikuwa nazo. Uganda ilikuwa na MiG-17. Tanzania ilikuwa na ndugu yake pacha aliyetengenezwa China. Mtu aliye chini, jua likimpiga machoni, haoni umbo la adui wala la mwenzake. Anaona umbo moja. Tofauti yote iko kwenye rangi na alama.

Ajabu ni kwamba skeli ya 1:72 ilienea duniani kwa sababu ya tatizo hilo hilo. Katika skeli hiyo inchi moja inasimama badala ya futi sita, na Waingereza waliizoea tangu miaka ya 1930. Mwaka 1936 vifurushi vya Frog Penguin vilitoka vikiwa vya plastiki, tayari kuunganishwa. Vita Kuu ya Pili ilipopamba moto, michezo ikageuka kazi. Mwaka 1942 Jeshi la Wanamaji la Marekani liliwaomba wanafunzi wa shule wachonge ndege 500,000 za mbao katika skeli hiyo, zipakwe rangi nyeusi tupu, zipelekwe kwa wapiga mizinga wajifunze kutambua ndege. Hesabu yake ni nyepesi: ndege ya 1:72 ukiitazama ukiwa mita 10 ni sawa na kuitazama ndege halisi iliyo mita 720. Nyeusi tupu ilitosha, kwa kuwa Messerschmitt ya Kijerumani haifanani na Spitfire. Mpiga mizinga wa Musoma angepewa kifaa hicho kisingemsaidia chochote.

Baada ya vita hobi ikabaki. Airfix ya Uingereza ilitoa Spitfire yake ya kwanza mwaka 1953, na tangu hapo kizazi baada ya kizazi kimekua kikinusa gundi.

Anayetaka kuunda historia ya anga ya Tanzania nzima ana pa kuanzia mbali zaidi ya MiG. Julai 1915 ndege za Waingereza zilizoruka kutoka kisiwa cha Mafia ziliwaelekeza wapiga mizinga wa meli walioimaliza manowari Königsberg ndani ya delta ya Rufiji. Mwaka uliofuata Wabelgiji walizisafirisha ndege nne za majini aina ya Short 827 kupitia Kongo hadi Ziwa Tanganyika, wakaishambulia bandari ya Kigoma ilikokuwa Graf von Götzen, meli tunayoijua leo kwa jina la Liemba. Hizo ni ndege za mbao, turubai na nyaya, na fundi wa modeli huzipenda au huzikimbia kwa sababu ya nyaya hizo.

Kikosi cha anga cha Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) kilianza kwa ndege za uchukuzi. Wajerumani Magharibi walikuja na kuondoka 1965 kwa ugomvi wa kidiplomasia uliohusu Ujerumani Mashariki na Zanzibar. Wakanada wakashika nafasi yao hadi 1970, wakaleta Caribou, ndege inayotua kwenye kiwanja kifupi cha changarawe. Wachina wakaja na jeti, na katikati ya miaka ya 1970 zikafika MiG-21 za Kisovieti.

Sasa tuje mezani. MiG-21MF ina mabawa ya mita 7.15, hivyo katika 1:72 hayafiki sentimita 10 kutoka ncha hadi ncha. Kampuni ya Eduard ya Ucheki inaiuza katika skeli hiyo na katika 1:48, na kuiunganisha si kazi kubwa. Kazi ni umaliziaji. Maungio yanazibwa kwa puti, yanapigwa msasa wa maji mpaka ukipitisha ukucha husikii mstari. Kama unataka ndege yenye sura ya bati tupu, kama zilivyokuwa MiG-17 nyingi za enzi zile, unapuliza kwanza nyeusi inayong'aa, kisha rangi ya fedha nyepesi juu yake. Unyoya mmoja wa vumbi ukinaswa hapo, unarudi mwanzo. Fundi rangi wa gereji yoyote ya Mwanza angeielewa kazi hii bila kuelezwa, isipokuwa angeshangaa udogo wa gari.

Halafu alama. Hizi huchapwa kwenye karatasi inayoloweshwa majini, zikateleza hadi mahali pake. Zikiwekwa juu ya rangi isiyong'aa, hewa hunaswa chini na kuacha weupe kama ukoga, kwa hiyo varnishi inatangulia. Alama za Uganda zinatambulika: nyeusi, njano, nyekundu, na korongo mwenye shungi. Picha za ndege za Amin zipo kiasi, hasa kwa sababu Entebbe ilivamiwa mara mbili, na Waisraeli Julai 1976 na majeshi ya Tanzania Aprili 1979. Za Tanzania ni adimu. Nchi ambayo kupiga picha kambi ya jeshi kunaweza kukulaza rumande haiachi albamu nono, na sioni sababu ya kulalamika. Ila matokeo yake ni kwamba upande ulioshinda ndio mgumu zaidi kuupaka rangi kwa haki.

Vita yenyewe ina vituko ambavyo modeli huvieleza vizuri kuliko ramani. Marubani wa Uganda walijaribu kulivunja daraja la Kyaka, kwenye Mto Kagera, kwa mabomu wakalikosa. Likavunjwa kwa baruti iliyotegwa na mtaalamu kutoka migodi ya Kilembe. Tarehe 29 Machi 1979 Tu-22 ya Libya, iliyokuwa ikimsaidia Amin, ilikuja kuipiga Mwanza. Ndege hiyo ina urefu wa mita 41.6, karibu sentimita 58 katika 1:72. Iweke kando ya MiG-21 yenye sentimita 22 na mchokoo wake wa mbele, utaelewa watu wa Mwanza waliona nini. Mabomu yaliangukia hifadhi ya Saanane yakaua swala. Tanzania ikajibu kwa kupiga maghala ya mafuta Kampala na Jinja.

Huku kwetu Mabawe, na wilaya nzima ya Ngara, tuko kusini-magharibi, mbali na Kyaka, katika mkoa ambao wakati wa vita ulikuwa bado unaitwa Ziwa Magharibi. Jina la Kagera lilikuja baada ya vita. Huku vifurushi vya Eduard havikufika, ila ufundi upo. Mtoto wa Kanda ya Ziwa humenya bua la mtama, maganda yakawa vijiti vya kushikizia, moyo wake laini ukawa kiwiliwili na mabawa. Pangaboi hukatwa kwenye kopo, na soli ya kandambili ikatoa magurudumu. Skeli haimsumbui. Anachodai ni pangaboi izunguke akikimbia dhidi ya upepo, sharti ambalo modeli zangu zote zingeshindwa.

Entebbe ilipotekwa Aprili 1979, MiG kadhaa za Uganda zilichukuliwa zikapelekwa Mwanza. Kwa mwenye kifurushi kimoja cha MiG-21 hilo ndilo swali la kwanza kabla ya kufungua gundi, kwa kuwa bati lile lile lilibeba korongo mwezi Machi na lingeweza kupewa rangi za Tanzania baadaye. Mimi ningepaka ya Machi, kisha nikanunua kifurushi cha pili.