Israel: Mke Aliyenyimwa Talaka Ana Njia Gani?

Nchini Israel, kwa sheria ya mwaka 1953, ndoa na talaka za Wayahudi huamuliwa na mahakama za marabi. Mume hutoa hati ya talaka, iitwayo get, kwa hiari yake, na mke huipokea. Mke anyimwaye hati hiyo huitwa aguna, yaani aliyefungwa, wala hawezi kuolewa tena. Tangu 1995, mume akaidiye amri ya kutoa talaka aweza kunyang'anywa leseni ya udereva, kuzuiwa kusafiri nje, hata kutiwa jela. Mke huweza kutetewa na mawakili wa mahakama hizo, wakiwamo wanawake. Asiye na uwezo huomba msaada wa kisheria kutoka Wizara ya Sheria.