Methani Isiyofika Angani: Walaji wa Gesi katika Vinamasi

Anayetaka kujua kinamasi kinatoa methani kiasi gani kwa kawaida hufunika eneo dogo kwa chemba, husubiri, kisha hupima gesi iliyokusanyika. Kipimo hicho ni sahihi, ila ni kipimo cha masalio. Kinachoingia kwenye chemba ni kile kilichobaki baada ya vijidudu vya akea kuzalisha methani chini kwenye tope na bakteria kuila njiani. Vinamasi viwili vinaweza kutoa gesi sawasawa, kimoja kikizalisha kidogo na kula kidogo, kingine kikizalisha kwa wingi na kula karibu yote. Ukivivuruga, havitabadilika kwa namna moja. Hoja yangu ni kwamba ulaji huu hautegemei bakteria peke yao bali umbile la kinamasi kizima, na sababu imo katika kemia ya bakteria wenyewe.

Walaji hawa wanajulikana tangu 1906, mwanasayansi Söhngen alipowatenga huko Delft, Uholanzi. Chakula walichokichagua ni kigumu: kuvunja bondi moja tu kati ya kaboni na hidrojeni katika methani kunadai takriban kilojuli 439 kwa kila moli. Kimeng'enya kinachoifanya kazi hiyo, methani monoksijenasi, huchukua molekuli ya oksijeni, huipachika atomu moja kwenye methani ili iwe methanoli, na atomu ya pili huwa maji. Ili hayo yatokee, seli hutoa elektroni mbili kutoka katika akiba yake. Hapa ndipo maelezo mengi ya vitabuni yanapopita haraka mno, kwa sababu hatua hii ya kwanza haiipi seli nishati, inaitoza. Methanoli hugeuka fomaldehaidi, kisha asidi ya fomiki, kisha kaboni dioksidi, na ni katika hatua hizo za baadaye ndipo elektroni zilizotangulizwa hurudi pamoja na ziada. Seli huishi kama mama ntilie anayekopa unga alfajiri na kulipa baada ya chakula cha mchana: siku isipouzika, kesho hakuna unga.

Fomaldehaidi ndiyo njia panda. Sehemu yake huunguzwa kupata nishati, na sehemu hujenga mwili wa seli: kwa njia ya ribulosi monofosfati kwa Methylobacter na jamaa zake, kwa mzunguko wa serini kwa Methylocystis na Methylosinus. Nayo ni sumu, hivyo hairundikwi. Mikondo yote miwili lazima iende kwa mwendo unaolingana.

Oksijeni basi inahitajika mara mbili, kuifungua methani na kupokea elektroni mwishoni mwa upumuaji. Bakteria wengi wanaokula sukari wakikosa oksijeni huchachua na kuendelea kuishi. Mlaji wa methani, oksijeni ikikosekana kabisa, hawezi hata kuanza mlo. Tena monoksijenasi iliyoenea zaidi inataka shaba, madini ambayo salfaidi ya topeni huyafunga. Methylosinus trichosporium hutoa nje peptidi ndogo, methanobaktini, inayoinasa shaba na kurudi nayo. Shaba ikiadimika sana, huunda monoksijenasi ya pili yenye chuma.

Sasa tuyatazame mafunjo ya kandokando ya Ziwa Victoria na Naivasha. Katika tope lililofurika, oksijeni hupenya milimita chache tu, lakini tishu zenye matundu za mafunjo huteremsha hewa hadi mizizini, na kiasi huvuja na kuwalisha walaji. Njia hizohizo, hata hivyo, huipandisha methani moja kwa moja hadi hewani bila kupita kwao. Sikubaliani kwa hiyo na wanaoyasifu mafunjo kuwa chujio, wala na wanaoyashutumu kuwa bomba. Ni vyote viwili, na uwiano hubadilika kwa kina cha maji na umri wa mmea.

Ziwa Kivu linaonyesha upande mwingine. Lina takriban kilomita za ujazo 60 za methani iliyoyeyuka, ikipimwa kwa kanieneo ya kawaida, na bado uso wake hutoa kidogo sana. Gesi hupanda polepole ikiwa imeyeyuka majini, na inapokutana na oksijeni inaliwa. Mapovu ya kinamasi chenye kina kifupi hayangoji.

Nitapingwa kwamba wapo wanaokula methani bila oksijeni. Wapo, lakini Methylomirabilis oxyfera, aliyeelezwa mwaka 2010, huchukua nitraiti, huipunguza kuwa nitriki oksidi, kisha huigawa kuwa nitrojeni na oksijeni anayoitumia kwenye monoksijenasi ileile. Anajitengenezea kilichokosekana, jambo linaloipa hoja yangu nguvu. Pingamizi lenye uzito ni akea Methanoperedens, anayetumia nitreti na asiyehitaji oksijeni kabisa. Naye pia, hata hivyo, hufanya kazi hasa pale maji yanapomletea nitreti.

Nitrojeni inatufikisha kwenye mashamba ya mpunga yanayochukua nafasi ya vinamasi. Amonia hushindania monoksijenasi, na iliogopwa kwamba mbolea ya urea ingewalemaza walaji. Utafiti uliochapishwa mwaka 2000 ulionyesha kinyume chake kwenye mizizi ya mpunga: walaji walikuwa na njaa ya nitrojeni, na mbolea iliwachangamsha. Kanuni ya mezani haitoshi. Chemba ya kawaida inahitaji mwenzake, yenye gesi kama difluoromethani inayoizima monoksijenasi, ili tofauti ya chemba hizo mbili ituonyeshe kilicholiwa. Bila namba hiyo, shamba jipya litaonekana linazalisha methani zaidi, kumbe kilichopungua ni mizizi iliyokuwa ikiteremsha oksijeni, na wakulima watashauriwa kupunguza mboji, kwa kudhaniwa kwamba ndiyo inayolisha uzalishaji, ilhali huenda haikuhusika.